Pumzi Nne na Kinywa Kikavu

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu ametugawia madaftari, kila mpiga ala na lake, tuandike kila siku tumefanya mazoezi dakika ngapi. Mchana anafundisha hesabu, jioni anaongoza bendi yetu, kwa hiyo haamini kitu mpaka kiwe na tarakimu. Haya basi: leo dakika arobaini. Kurasa zimebaki nyingi na mimi maneno ninayo, nitazijaza nitakavyo. Akilitaka daftari nitamwambia limelowa. Mvua imeanza leo, ataamini.

Habari yenyewe ni hii. Kinyozi anastaafu. Ndiye mpiga tarumbeta wetu wa kwanza tangu bendi hii iundwe, miaka thelathini, na mimi nimekaa pembeni yake miaka kumi na tisa bila kusikia neno "vizuri" likitoka kinywani mwake. Sasa daktari wa meno amemng'oa manne ya mbele, na tarumbeta bila meno ya mbele haina pa kuegemea. Mei 24 tutamuaga kwa onyesho katika ukumbi wa mji. Na bendi hii haiwezi kumuaga mtu bila kupiga "Lango."

"Lango" huanza na tarumbeta moja peke yake. Hakuna ngoma, hakuna besi, hakuna wa kujificha nyuma yake. Ni urefu wa pumzi nne tu, halafu wote wanaingia. Hata Mwalimu haongozi mwanzo ule. Anashusha fimbo yake na kungoja, na wote wanangoja, mpaka mpigaji avute pumzi yake mwenyewe.

Mwalimu akauliza nani ataupiga. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Fundi," akasema Kinyozi.

Fundi ni mimi. Nashona shuka, mapazia na magauni ya wauguzi katika chumba cha cherehani cha hospitali.

"Mzee wangu, una hakika?" Mwalimu akauliza, kwa adabu, lakini aliuliza.

"Nimeupiga ule wimbo miaka thelathini," Kinyozi akasema. "Sijawahi kuusikia. Nataka nikae kwenye kiti kama watu wengine, niusikie mara moja. Fundi apige."

Hakuna aliyecheka wala kubisha. Wote tulikuwa tunakumbuka jambo moja, mahafali ya wauguzi mwaka jana, nilipotakiwa kuanza mimi kwa sababu Kinyozi alikuwa na homa. Kinywa kilinikauka kama unga. Watu wanadhani tarumbeta inapigwa na chuma. Tarumbeta inapigwa na midomo inayotetemeka, chuma kinapaza tu, na midomo mikavu haitetemeki. Ilinatana na kidomo, kile kikombe kidogo tunachowekea midomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya bawaba isiyotiwa mafuta. Wauguzi wakacheka, wamevaa magauni niliyowashonea kwa mikono yangu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi tangu siku ile nikiona watu wamekaa safu kwa safu ulimi wangu unageuka kipande cha gunia kavu.

Alhamisi, 6 Machi

Dakika thelathini. Mvua.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana, tukiwa watatu mezani: mimi, mume wangu na mama yake. Watoto wameshahama. Mume wangu ni fundi umeme na ndiye anayepiga besi, lile dubwana la shaba linalomzunguka mwilini. Mama mkwe hapigi chochote, ila ana maoni kuhusu kila ala.

Baada ya kula wakanitaka nimuigize Kinyozi. Ni mchezo wangu wa siku nyingi. Kinyozi kabla ya kuanza "Lango" lazima kwanza aringe. Anatoa leso, anafuta kidomo taratibu, anakunja kingo za leso kama barua, anairudisha mfukoni. Anavuta mkono wa koti. Anaangalia dari. Anageuza shingo kushoto kama anayengojea mgeni rasmi. Watu mia mbili wamekaa wanamtazama, yeye anaangalia dari! Mimi natumia kijiko badala ya tarumbeta. Mama mkwe alicheka mpaka akapaliwa.

"Ana maringo yule," akasema akifuta macho. "Hata kunyoa ananyoa kwa maringo. Ndevu za marehemu mume wangu zilikuwa zinachukua asubuhi nzima."

Leo sikupiga hata dakika moja. Nitaandika ishirini.

Jumanne, 11 Machi

Mazoezi ya kwanza ya "Lango." Tunafanyia katika ukumbi wa chakula wa hospitali saa kumi na moja jioni, meza zikiwa zimesukumwa ukutani, sakafu bado ina harufu ya sabuni. Hakuna msikilizaji hata mmoja, ni sisi kumi na wanne tu. Mwalimu akashusha fimbo. Nikakauka papo hapo. Nilitoa noti mbili na upepo.

"Tena," akasema Mwalimu.

Noti moja na upepo.

Karani wa posta, aliyeingia kwenye bendi mwaka jana tu na hajafikisha umri wa miaka thelathini, akasema, "Niwaonyeshe?" Akaupiga wote bila kumeza mate, huku mguu ukicheza, kisha akashusha tarumbeta na kuendelea kutafuna ubani wake. Nilimchukia kwa muda wa robo saa hivi. Mvua ilikuwa inapiga bati na mifereji inafurika. Maji yamejaa kila mahali mji huu isipokuwa kinywani mwangu.

Mwalimu akaniambia pembeni, "Fundi, tufike katikati ya Mei. Ikiwa bado, itabidi apige yeye. Siwezi kumharibia mzee siku yake."

Ana haki, na ndiyo maana iliniuma.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeambiwa dawa ni maji. Nilikunywa chupa mbili kubwa kabla ya mazoezi. Maji yanapita kinywani kama abiria, hayakai. Kinywa kilibaki kikavu na mimi nikatoka nje mara tatu. Mara ya tatu Mwalimu aliandika kitu katika daftari lake mwenyewe.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimefanya ujinga ambao mshonaji hufanya akili yake ikiwa imelala.

Muuguzi mmoja aliniambia ninyonye peremende, mate yatakuja. Kweli yalikuja! Nilinyonya nne mfululizo, mate yakajaa, nikapiga pumzi mbili za "Lango" safi kabisa, Mwalimu akainua nyusi. Pumzi ya tatu pistoni ya katikati, kile kitufe cha kubonyeza kwa kidole, ikashuka na haikupanda. Halafu ya kwanza. Mate yenye sukari yalikuwa yameingia ndani ya tarumbeta na kukaa kama gundi. Nilikuwa nimeijaza shira.

Wote wakaondoka. Karani wa posta ndiye aliyebaki. Tulienda kwenye sinki la jikoni, akaomba maji ya uvuguvugu, akafungua pistoni moja moja na kuzipanga juu ya kitambaa kama mkunga.

"Wewe huogopi kabisa?" nikamuuliza.

"Siogopi, dada. Lakini na wewe sikiliza nikipiga. Nikipiga mimi 'Lango,' inasikika kama tangazo la kufunga dirisha la stempu." Akapuliza ndani ya bomba, tone la shira likaruka. "Wewe ukipata mate, mtu anasimama kusikiliza. Sitaki kupewa ule wimbo. Nikipewa nitaupiga, lakini sitaki."

Nimerudi nyumbani nikiona haya kwa ile robo saa.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua siku ya nne bila kukoma. Mashuka hayakauki, chumba cha cherehani kinanuka ubichi. Dakika hamsini, za kweli.

Jumanne, 25 Machi

Wazo lilikuwa langu, na naliandika hapa ili mtu mwingine asilaumiwe.

Jana jioni Mama mkwe alikuwa anakata limau la kuweka kwenye chai, nami nikiwa mbali kabisa, mlangoni. Nilipoona kisu kinaingia tu, mate yakanijaa mpaka nikameza. Nikasimama pale. Nikamwambia, "Mama, hebu linyonye." Akalinyonya, akakunja uso wote mpaka macho yakapotea. Mimi mate yanatiririka! Nikakimbilia tarumbeta, nikapiga pumzi nne zote za "Lango" katikati ya sebule. Mume wangu akatoka chumbani na kiatu kimoja mguuni.

Basi leo Mama mkwe tukamchukua mazoezini. Alivaa vizuri, akapewa kiti mbele kabisa, mkobani ana malimau sita yaliyokatwa nusu nusu. Mwalimu nilimwambia mama amekuja kusikiliza. Si uongo.

Fimbo ikashuka. Nikamtazama Mama mkwe. Akatoa nusu ya limau na kulinyonya kwa moyo wote, kwa sauti, kama mtu anayekunywa supu ya moto. Mate yakaja. Nikaanza, pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na kwa mara ya kwanza tangu mahafali nilisikia sauti yangu ikienda mpaka ukuta wa mwisho na kurudi.

Kisha wote wakaingia.

Sikuwa nimewafikiria wenzangu. Watu kumi na wanne walikuwa wanamwangalia mama mmoja akinyonya limau, na mimi peke yangu ndiye mwenye ugonjwa wa kukauka. Wao walikuwa na mate yao ya kutosha tangu mwanzo. Tromboni ya kwanza ilitoa povu. Karani alitema ubani. Mume wangu akavuta pumzi kubwa na badala ya noti ya chini ikatoka sauti ya sinki linalozibuka, glu-glu-glu, nzito, inatoka tumboni mwa besi na haiishi. Kila mtu alikuwa anameza, anafungua bomba la mate, sakafu inalowa. Mwalimu akagonga fimbo.

"Mama," akasema, "samahani sana. Hilo limau."

"Lina nini?"

"Naomba uliweke."

"Limau langu, mdomo wangu," akasema Mama mkwe, akachukua nusu ya pili.

Hakuna mtu katika mji huu anayeweza kumtoa Mama mkwe mahali. Tulivunja mazoezi mapema. Njiani, chini ya mwavuli mmoja sisi watatu, alisema alikuwa hajafurahi hivyo tangu tulipomnunulia redio. Kisha akanigusa mkono.

"Mwanangu, mficha uchi hazai. Unahangaika na peremende na malimau, na mwenye wimbo yupo. Kamuulize."

"Nikamuulize yule? Atanicheka."

"Basi atakucheka. Utakufa?"

Ijumaa, 28 Machi

Nilikuwa na sababu ya kwenda: koti lake la bendi linambana na ataketi safu ya mbele siku ya kuagwa. Nikachukua utepe wa kupimia na pini.

Duka lake lina viti viwili na kioo kimoja. Hakukuwa na mteja kwa ajili ya mvua. Kinyozi alikuwa anafagia nywele ambazo hazikuwepo. Amewekewa meno ya bandia, na kila akitamka "s" yanapiga mluzi, kwa hiyo siku hizi anachagua maneno. Nilimpima mabega, nikampima kifua, na nikiwa nyuma yake, asikoweza kuniona uso, nikasema yote mara moja: nakauka, nimejaribu maji, peremende, limau, na Mei inakuja, na nitamharibia siku yake. Kwa nini alinichagua mimi?

Alijitoa kwenye utepe wangu. Nikadhani amekasirika. Akaenda mlangoni, akageuza kibao kikasoma tumefunga.

"Wewe unaniigiza," akasema. "Na kijiko. Nimesikia."

Nilitaka sakafu inimeze pamoja na utepe wangu.

"Ukiniigiza, ninapoangalia dari, unadhani naangalia nini?"

"Sijui, mzee. Unawapa watu nafasi ya kukutazama."

"Nangoja mate."

Sikuelewa. Akakaa kwenye kiti cha mteja na kunieleza kwa ukali, kama mtu anayedaiwa. Miaka thelathini amekauka. Kila mara, hakuna mara hata moja ambayo hakukauka. Anapofuta kidomo kwa leso, anang'ata kingo za ulimi polepole. Anapovuta mkono wa koti, ncha ya ulimi inasukuma nyuma ya meno ya chini, maana mate yana chemchemi yao pale chini ya ulimi. Anapoangalia dari, anameza kile kidogo alichopata ili kiite kingine. Anapogeuza shingo, anajaribu midomo kama inatetemeka, upande ambao watu hawamwoni.

"Hayaitwi kwa haraka," akasema. "Ukiyakimbilia yanajificha. Wewe fimbo ikishuka tu unarukia. Nani amekuambia uruke? Mwanzo ni wako."

"Lakini watu wanasema unaringa!"

"Waseme. Kuringa si ugonjwa. Afadhali waone naringa kuliko waone naogopa." Meno yakapiga mluzi, akafunga mdomo, akaufungua tena. "Nilikuchagua kwa sababu nakuona unavyokauka. Karani yule hakauki. Ule wimbo umeandikwa kwa mtu anayeogopa. Lakini haya maneno yasitoke humu. Ukimwambia mtu, hata mumeo, akija hapa namnyoa nusu kichwa."

Nikaapa. Nilifungasha pini zangu. Usione vyaelea, vimeundwa. Miaka kumi na tisa nimekaa sentimita hamsini kutoka kwa yule mtu na sikuona kwamba anaogopa. Nilikuwa nashughulika kutafuta cha kuwachekesha watu mezani.

Jumapili, 30 Machi

"Mama watoto, leo hutuchezei Kinyozi?" mume wangu akauliza, amenipa na kijiko.

Nikasema kichwa kinaniuma.

Jumanne, 8 Aprili

Nimejaribu. Leso, mkono wa koti, dari, shingo. Mate yakaja kidogo. Pumzi ya kwanza na ya pili nzuri, ya tatu ikavunjika. Dakika arobaini na tano.

Jumanne, 15 Aprili

Pumzi tatu nzuri. Mwalimu amepima muda ninaongoja kabla ya kuanza: sekunde ishirini na nane. Ameziandika.

Mpiga tromboni ya kwanza, si kwa kunong'ona sana, akasema, "Maringo yamepata mrithi."

Wakacheka. Nilihisi masikio yakiwaka, na papo hapo nikajua Kinyozi alikuwa analipa nini kila mara alipoangalia lile dari. Nikaliangalia tena. Lina doa la maji upande wa jiko, linazidi kukua.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Chumba cha cherehani: mapazia kumi na sita. Dakika thelathini na tano.

Jumapili, 20 Aprili

Mama mkwe: "Nasikia siku hizi na wewe unaangalia dari."

Mimi: "Nani kasema?"

"Mwanangu mwenyewe kasema. Anasema unasimama pale kama bibi harusi anayengoja vumbi litulie."

Nikamtazama mume wangu. Akawa na shughuli na mchuzi wake. Ulimi uliniwasha, niliutaka ukweli utoke kama unavyotaka kupiga chafya, lakini nilikumbuka ile nusu ya kichwa na nikanyamaza. Baadaye, tukikunja nguo zilizokaukia ndani, mume wangu akasema, "Sikiliza. Sijui umepatwa na nini. Lakini ukianza kuringa, unapiga vizuri. Basi ringa."

Ndiyo maana niliolewa na mpiga besi. Hawasemi mengi, ila wanashika chini.

Jumanne, 29 Aprili

Pumzi nne!

Jumanne, 6 Mei

Pumzi nne. Paa la ukumbi wa chakula linavuja mahali pawili, tumeweka ndoo. Mwalimu anasema matone hayafuati mapigo.

Jumanne, 13 Mei

Siku ya mwisho ya Mwalimu kuamua. Nilingoja sekunde arobaini na moja, mpaka Karani akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Kisha nikapiga. Mwalimu akafunga daftari lake na kusema, "Fundi atapiga," na Karani akapiga makofi peke yake mpaka wengine wakaona aibu wakamfuata.

Koti la Kinyozi liko tayari. Nimelitanua sentimita nne kila upande. Alipolijaribu aliuliza kama limenyooka. Nikasema limenyooka. Akasema, "Mbona bega la kushoto?" Hajabadilika, na wala sitaki abadilike.

Ijumaa, 23 Mei

Kesho. Dakika kumi tu, kulinda midomo. Mvua inapungua, wanasema ni ya mwisho mwisho. Nimepiga pasi makoti kumi na manne na sina wasiwasi. Naandika tena: sina wasiwasi. Mkono unaoandika unasema vingine.

Jumapili, 25 Mei

Ni asubuhi, niko mezani, mume wangu amelala na Mama mkwe anamsimulia jirani habari dirishani, kwa hiyo niandike upesi kabla habari yake haijawa ndiyo rasmi.

Ukumbi ulijaa. Wauguzi walikuwa safu mbili nzima. Kinyozi safu ya mbele, katikati, koti limekaa sawa mabega yote mawili, mikono juu ya magoti kama anayepigwa picha. Tulipiga nyimbo tano bila shida, kwa sababu katika wimbo wa wote naweza kukauka nusu na hakuna anayejua. Kisha Mwalimu akawaambia watu jina la wimbo wa mwisho, akageuka, akashusha fimbo.

Nikatoa leso. Nikafuta kidomo, nikang'ata ulimi. Hakuna kitu. Nikavuta mkono wa koti, nikasukuma chini ya ulimi, na pale kwenye chemchemi palikuwa pakavu kama mfuko wa karatasi. Nikaangalia dari. Nikageuza shingo. Sekunde thelathini, arobaini. Nikaanza upya na leso, na hapo watu wakajua kwamba kuna jambo, maana hakuna anayefuta kitu kimoja mara mbili. Kikohozi. Kiti kikalia. Kutoka safu za wauguzi nikasikia kicheko kidogo kilichozibwa kwa kiganja, na nikakitambua, kilikuwa kile kile cha mwaka jana.

Nikaruka. Ndiyo, niliruka, baada ya yote niliyofundishwa. Niliinua tarumbeta na kupuliza, na ukatoka upepo mtupu, fuu, kama mtu anayepoza chai.

"Dada," Karani akaninong'oneza. Hakuwa na ubaya hata kidogo, alikuwa na huruma, na alikuwa ameshika tarumbeta yake tayari. "Nikusaidie?"

Kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kuinama kukubali. Naliandika hili kwa sababu Mama mkwe hatalisema, hakuliona. Nilikuwa naukabidhi.

Hapo Kinyozi akasimama.

Hakuwa amepangiwa kusema kitu. Aligeuka, akawapa bendi mgongo na watu uso, na nikaona nyuma ya koti, mshono wangu wa katikati, unapanda na kushuka. Alikuwa anahema.

"Sikilizeni kidogo," akasema. Meno yakapiga mluzi kwenye maneno ya kwanza, watu wakacheka, na yeye badala ya kufunga mdomo akaongeza sauti. "Miaka thelathini mmekaa humu mkiniona nafuta leso, naangalia dari, mkasema Kinyozi anaringa. Sijawahi kuringa. Nilikuwa nimekauka kinywa kwa woga. Kila mara. Nilikuwa nasimama pale nangoja mate, nanyi mnaningoja, na hamkujua mnangoja nini. Sasa huyu naye anangoja mate. Mngojeni kama mlivyoningoja mimi."

Akaketi. Akaweka mikono juu ya magoti.

Kisha Mama mkwe akasema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Kumbe mwoga! Na zile ndevu?" na ukumbi wote ukalipuka. Walicheka wauguzi, alicheka Mwalimu mpaka fimbo ikamwanguka, besi ilikuwa inatikisika na mume wangu ndani yake. Kinyozi mwenyewe alikuwa anacheka na kujifuta macho. Na mimi nikacheka, nikiwa nimesimama pale mbele yao wote na tarumbeta mkononi, nikacheka mpaka nikalazimika kumeza.

Kumeza mate.

Sikumtazama mtu. Kicheko kilikuwa bado kinaisha kule nyuma nilipovuta pumzi, nikasikia wenzangu kumi na wawili nyuma yangu wakiivuta pamoja nami. Pumzi ya kwanza ikatoka laini. Ya pili ikapanda. Ya tatu, ile inayovunjika, niliishika kwa woga wangu wote, haikuvunjika. Ya nne niliiacha iende mpaka ukuta wa mwisho, na iliporudi bendi ikaingia na besi ikashika chini.

Wimbo ulipokwisha watu walisimama na kupiga makofi. Kinyozi hakupiga. Alikuwa ameketi vilevile, amekunja uso kama mtu aliyerudishiwa chenji isiyo sawa. Makofi yalipotulia, akanyoosha kidole kwangu.

"Ile sehemu ya mwanzo," akasema. "Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo, mzee."

"Pumzi nne?"

"Nne."

"Nilidhani ni ndefu," akasema. "Miaka yote ile nimesimama pale, nilidhani ni ndefu. Kumbe fupi hivi!" Akatikisa kichwa, akajisogeza mbele kwenye kiti, akainamisha sikio. "Rudia."

Nikarudia.